KISOGO NI GHALA: TUPIME FAIDA NA HATARI ZA KUPANDIKIZA NYWELE

Miongoni mwa mambo ambayo mwanamume huyaona kiooni asubuhi, kisha akayanyamazia kwa miaka mingi, ni kuondoka kwa nywele zake. Huanza polepole katika mapanja, au hujificha utosini, mahali ambapo mwenyewe hapaoni. Mke huona, lakini kwa adabu hasemi neno. Watoto huona pia, nao husema. Na askari anapovua bereti mbele ya kinyozi wa kambi, wenzake waliopanga foleni hawamwachi aondoke bila utani.

Zamani mambo yaliishia hapo hapo. Siku hizi simu za mkononi zimejaa picha za wanaume waliosafiri kwenda Istanbul, nchini Uturuki, wakiwa na upara, na baada ya mwaka mmoja wakaonekana wana nywele za kutosha kuchana. Basi jioni moja mazungumzo huanza nyumbani.

"Mama Asha," asema bwana, "zile fedha tulizoweka kwa ajili ya mabati, mimi naonelea..."

"Baba Asha," mkewe amkatiza kwa upole, "mabati yatatukinga na mvua sote sita. Hizo nywele zitamkinga nani?"

Makala haya hayakusudii kumcheka Baba Asha. Upara wa kawaida si ugonjwa, wala haumwui mtu. Lakini huzuni ya kujiona umezeeka kabla ya wakati ni huzuni ya kweli, na anayeibeba hastahili kudharauliwa. Wala hatukusudii kumwambia Mama Asha kwamba amekosea. Nia yetu ni kuweka mizani mezani, tuweke faida upande huu na hatari upande huu, ili jamaa hao wawili wajadiliane wakiwa na ujuzi.

Tuanze na jambo ambalo matangazo hayalisemi kwa sauti. Upasuaji huu hauumbi unywele mpya hata mmoja. Huchukua nywele za kisogoni na kuzihamishia mbele au utosini. Kisogo ni ghala, na kila kinachotolewa katika ghala hilo hakirudi tena. Atakayelishika neno hilo ataweza kujiamulia mengine yote.

KWA NINI NYWELE HUONDOKA

Kichwa cha mtu mzima kina nywele zipatazo 100,000. Kila unywele huota kutoka katika mzizi wake chini ya ngozi, hurefuka kiasi cha sentimeta moja kwa mwezi kwa muda wa miaka miwili hadi sita, kisha hupumzika miezi kama mitatu na kudondoka, ili mwingine uote mahali pake. Ndiyo maana kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku si jambo la kutisha.

Upara wa kawaida wa wanaume hutokana na urithi na homoni. Urithi huo hutoka kwa baba na kwa mama pia, wala si kwa upande wa mama peke yake kama wengi wanavyoamini. Mwaka 1942 daktari James Hamilton wa Marekani alieleza kwamba wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe hawakupata upara. Lakini walipopewa homoni ya kiume, wale waliokuwa na urithi wa upara walianza kupoteza nywele. Hapo ilidhihirika kwamba homoni ndiyo inayoichosha mizizi ya mbele na ya utosini, ikawa kila unywele mpya ni mwembamba na mfupi kuliko uliotangulia. Mizizi ya kisogoni na ya kandoni, juu ya masikio, kwa kawaida haichoshwi na homoni hiyo. Kwa sababu hiyo mwenye upara hubaki na nywele mfano wa kiatu cha farasi.

Askari wengi hulaumu kofia ya chuma. Kofia haina hatia katika upara wa namna hii, kwa kuwa mzizi wa unywele hulishwa na damu kutoka chini, wala hautegemei hewa ya juu. Lawama inayoistahili kofia, kitana na wembe wa kuazimana ni nyingine kabisa: vitu hivyo hueneza mapunye, hasa kwa watoto, na wembe wenye damu huweza kuambukiza maradhi ya ini na virusi vya UKIMWI.

Yafaa ifahamike pia kwamba si kila kichwa kinachopoteza nywele kina upara wa urithi. Homa kali, uzazi, majonzi makubwa au kupungua uzito kwa ghafula huweza kuzipukutisha nywele baada ya miezi miwili au mitatu, nazo aghalabu huota tena zenyewe. Upungufu wa damu, maradhi ya tezi ya shingo, mapunye na kaswende pia huondoa nywele, na kila kimoja kina tiba yake. Kumpasua mtu wa namna hii ni sawa na kupanda mbegu katika shamba lenye mchwa. Kwanza atibiwe ugonjwa.

ILIVYOANZA KAZI HII

Hamu ya kurudisha nywele ni ya kale. Katika hati ya tiba ya Misri ijulikanayo kama Papiri ya Ebers, iliyoandikwa yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo, imo dawa ya upara iliyochanganywa mafuta ya simba, kiboko, mamba na wanyama wengine. Na yule jemadari wa Roma, Julius Caesar, ambaye majeshi mazima yalimwogopa, mwandishi Suetonius anasimulia kwamba aliona haya kwa upara wake, akazichana nywele zake chache kuzileta mbele, na akaifurahia mno haki ya kuvaa shada la majani kichwani. Kwa hiyo askari mwenye upara asidhani kwamba yu peke yake.

Upandikizaji wenyewe haukuanza kwa ajili ya urembo. Mwaka 1939 daktari Okuda Shoji wa Japani aliandika jinsi alivyokata vipande vidogo vya mviringo vya ngozi yenye nywele na kuvipanda mahali palipopoteza nywele, kama vile penye kovu la moto. Vita Kuu ya Pili ikazuka, na kazi yake haikusikika katika nchi za Magharibi kwa miaka mingi. Mwaka 1952 daktari Norman Orentreich wa New York alianza kupandikiza nywele za watu wenye upara wa kawaida, na mwaka 1959 akachapisha alichokigundua: unywele uliohamishwa huendelea na tabia ya mahali ulikotoka, wala haufuati tabia ya mahali ulikopelekwa. Nywele za kisogoni, zikipandwa mbele, huendelea kuishi kama zinavyoishi kisogoni. Msingi wa kazi yote hadi leo ni huo.

Lakini vipande vya siku zile vilikuwa vikubwa, kiasi cha milimita 4. Mtu alionekana na mafungu ya nywele yaliyopangwa kwa mstari, mfano wa nywele za mwanasesere. Katika miaka ya 1980 na 1990 madaktari walianza kutumia hadubini na kuitenga miche midogo, kila mmoja ukiwa na nywele moja hadi nne kama zinavyoota kwa maumbile yake. Toka hapo kazi njema imekuwa vigumu kutambulika kwa macho.

JINSI INAVYOFANYWA

Njia ziko mbili. Katika njia ya kwanza, daktari hukata ukanda mwembamba wa ngozi kisogoni, huishona ngozi iliyobaki, kisha wasaidizi huupasua ukanda huo kuwa miche. Njia hii huacha kovu moja refu la mlalo. Katika njia ya pili, iliyoanza kuenea baada ya mwaka 2002, kila mche hutobolewa peke yake kwa chombo chenye upana wa karibu milimita moja. Hapa hakuna kovu refu, lakini huachwa mamia au maelfu ya vidoa vidogo.

Askari na polisi walizingatie hili kuliko raia. Matangazo husema kwamba njia ya pili haina kovu. Si kweli. Kila ngozi iliyotobolewa huponya kwa kovu, na juu ya ngozi nyeusi vidoa hivyo huweza kuwa vyeupe. Raia anayefuga nywele huvificha. Askari ambaye kanuni humtaka anyoe karibu na ngozi huvionyesha kila siku ya gwaride, sawa na yule mwenye kovu la mlalo.

Kazi hufanywa kwa sindano za ganzi, mgonjwa akiwa macho, na huweza kuchukua saa sita, nane au zaidi. Siku chache za mwanzo paji la uso na macho huweza kuvimba. Vigaga huanguka baada ya wiki moja au siku kumi. Kisha, kati ya wiki ya pili na ya nne, nyingi ya nywele zilizopandwa hudondoka. Hapo wengi hupatwa na hofu wakidhani wameibiwa. La hasha, mzizi umebaki ndani ukipumzika. Machipukizi huonekana kuanzia mwezi wa tatu au wa nne, na matokeo kamili hupimwa baada ya mwaka mmoja hivi. Anayeahidi nywele katika mwezi mmoja anadanganya.

UPANDE WA FAIDA

Haki itendeke: faida zipo, na si ndogo. Nywele zilizopandwa vizuri ni nywele halisi za mtu mwenyewe. Huoshwa, huchanwa, hunyolewa na kuota tena, na kwa kawaida hudumu miaka mingi. Hazihitaji gundi kama nywele za bandia.

Tena nywele zetu zina baraka yake katika kazi hii. Unywele uliojikunja hufunika eneo kubwa kuliko unywele ulionyooka, na nywele nyeusi juu ya ngozi nyeusi haziachi ngozi ing'ae katikati yake. Hivyo miche michache huweza kuonekana mingi.

Na wapo ambao faida kwao ni zaidi ya urembo. Askari aliyeungua kichwani, polisi aliyepigwa jiwe akabaki na kovu lisilo na nywele, mtoto aliyemwagikiwa na uji wa moto akapoteza unyusi: hao ndio ambao kazi hii ilibuniwa kwa ajili yao tangu siku za Okuda. Kovu likiwa limepona na lina damu ya kutosha, nywele huweza kuota juu yake, ingawa si kwa wingi kama juu ya ngozi nzima.

UPANDE WA HATARI

Hatari ya kwanza imo katika ngozi. Watu weusi hupatwa zaidi na makovu yanayovimba na kukua kupita jeraha lenyewe, ambayo madaktari huyaita keloidi. Mwenye kovu la namna hiyo sikioni, kifuani au begani, au ambaye ndugu zake wanayo, anapaswa kulisema kabla ya kisu kumgusa. Daktari mwangalifu hupanda kwanza miche michache ya majaribio, akangoja miezi kadhaa aone ngozi itafanya nini.

Karibu na hilo kuna vile vinundu vigumu vya kisogoni ambavyo askari wengi wanavijua, vinavyowasha, kutoa usaha na hatimaye kuwa makovu. Huwapata hasa wanaume wenye nywele za kujikunja, na kunyoa karibu mno na ngozi huvichochea. Basi tazama taabu yake: vinundu hivyo huharibu ghala lenyewe. Mwenye navyo atibiwe kwanza, aache kunyoa kwa wembe, na asikubali kutobolewa kisogo kabla havijatulia.

Hatari ya pili imo katika umbo la nywele zetu. Mzizi wa unywele wa Mwafrika hujipinda chini ya ngozi kama mundu. Chombo cha kutobolea kikiingizwa moja kwa moja kama kwa unywele ulionyooka, huukata mzizi katikati, na mche uliokatwa huweza kufa. Daktari aliyezoea nywele za Wazungu au za Waturuki tu anaweza kuwa fundi stadi kwao na mharibifu kwetu.

Hatari ya tatu ni ya upasuaji wowote. Damu huweza kutoka kwa wingi. Jeraha huweza kuingia uchafu na kutunga usaha. Ngozi huweza kufa ganzi kwa majuma au miezi. Ni nadra, lakini hutokea, ngozi kukosa damu na kufa, hasa kwa mvutaji sigara, mwenye kisukari au pale miche ilipobanwa mno. Dawa ya ganzi ikizidi kipimo huudhuru ubongo na moyo. Kwa hiyo mwenye shinikizo la damu, maradhi ya moyo, au anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda, amweleze daktari kila kitu.

Hatari ya nne ni ya mikono isiyostahili. Katika Istanbul wapo madaktari hodari wanaoheshimiwa. Lakini zipo pia nyumba, huko na katika nchi nyingine, ambako vichwa vingi hupasuliwa kwa siku moja na wasaidizi wasio na leseni, na daktari aliye katika picha haonekani chumbani. Jumuiya ya Kimataifa ya Upasuaji wa Kurejesha Nywele imekuwa ikiendesha kampeni dhidi ya soko hilo la magendo. Na kumbuka kwamba jeraha likianza kutoa usaha baada ya wiki mbili, mgonjwa yuko nyumbani, na fundi wake yuko ng'ambo ya bahari.

Hatari ya tano ndiyo kubwa, na ndiyo isiyopigwa picha: ghala kumalizika. Upara mkubwa huweza kufikia sentimeta 200 za mraba. Daktari akipanda miche 30 tu katika kila sentimeta, atahitaji miche 6,000. Vichwa vingi haviwezi kutoa miche yote hiyo bila kisogo chenyewe kuonekana kama kitambaa kilicholiwa na nondo. Fauka ya hayo, upara hausimami kwa sababu mtu amepasuliwa. Nywele zilizopandwa mbele hubaki, ilhali zile za asili zilizo nyuma yake huendelea kuondoka. Kijana aliyepandwa mapema huweza kujikuta ana kisiwa cha nywele mbele, bahari ya upara katikati, na ghala tupu nyuma.

DAWA ZILIZOPO

Kwa sababu hiyo madaktari wengi huanza na dawa. Minoksidili ilikuwa dawa ya shinikizo la damu. Wagonjwa walioimeza walionekana wakiota nywele nyingi mwilini, na mwaka 1988 Marekani iliruhusu ipakwe kichwani. Finasteridi, ambayo hupunguza ile homoni inayochosha mizizi, iliruhusiwa huko kwa upara wa wanaume mwaka 1997. Zote mbili huhifadhi nywele zilizopo vizuri zaidi kuliko zinavyorudisha zilizokwisha kwenda, na zote hufanya kazi maadamu zinatumiwa. Ukiacha, faida huondoka baada ya miezi.

Nazo zina madhara yake. Finasteridi huweza kupunguza nguvu za kiume kwa baadhi ya watu, na mwaka 2025 wakala wa dawa wa Umoja wa Ulaya ulithibitisha kwamba vidonge vyake huweza kuleta mawazo ya kujiua. Mtu aliyewahi kuwa na huzuni nzito, au aliyerudi kutoka vitani na moyo wenye majeraha, asiimeze kabla ya kuzungumza na daktari. Mwanamke mjamzito asiiguse kabisa ikiwa imevunjika, kwa maana huweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Na mwanamume anayepimwa damu kwa ajili ya tezi dume aseme kwamba anaitumia, kwa kuwa hushusha kipimo hicho karibu nusu.

KWA AKINA MAMA

Akina mama wasidhani kwamba habari hizi haziwahusu. Misuko ya kubana na nywele za bandia nzito huvuta mizizi ya mbele na ya mapanja mwaka baada ya mwaka. Mwanzoni nywele hurudi mvutano ukiachwa. Baadaye mizizi hufa na hazirudi tena. Msichana anayelia anaposukwa asiambiwe avumilie urembo. Alegezewe. Kinga hiyo haigharimu hata senti moja. Yule ambaye mizizi yake imekwisha kufa anaweza kufaidika na upandikizaji, mradi mvutano ule umekoma kabisa.

Upo pia ugonjwa unaoanzia utosini kwa wanawake weusi na kuenea kama duara, wakati mwingine ukiwasha au kuuma, ambao hugeuza mizizi kuwa kovu. Hapo daktari wa ngozi hukata kipande kidogo cha ngozi ili kichunguzwe. Kupandikiza nywele ugonjwa ungali hai ni kuzitupa, maana nazo zitaliwa. Kwanza uzimwe, tena ubaki kimya kwa mwaka mmoja au zaidi.

TUPIME WATU WANNE

Tuchukue mifano, kwani mizani bila mzigo haisemi kitu.

Wa kwanza ni kuruta wa miaka 23 ambaye mapanja yameanza kurudi nyuma. Huyu ndiye anayeumia sana, na ndiye anayepaswa kungoja. Hakuna ajuaye upara wake utaishia wapi. Akitumia ghala lake leo kuirudisha nywele ya ujana, hatakuwa na akiba atakapofika miaka 40. Dawa na subira humfaa zaidi.

Wa pili ni konstebo wa miaka 45, ambaye upara wake haujasogea kwa miaka mingi, kisogo chake ni kizito, hana keloidi wala sukari, na fedha anazo bila kukopa. Huyu anaweza kufanya, akiridhika na nywele za kiasi, zenye kufaa umri wake.

Wa tatu ni askari mwenye kovu la moto juu ya sikio. Kwake mizani huelekea wazi upande wa faida. Yafaa aanze kwa daktari wa kikosi na hospitali kubwa, kwani ukarabati wa jeraha haulingani na urembo.

Wa nne ni sajini mwenye vinundu vya kisogoni na keloidi kifuani. Kwake jibu ni hapana, na rafiki wa kweli atamwambia hivyo.

MASWALI YA KUULIZA

Anayekusudia kwenda aulize maneno haya, na majibu ayaandike. Ni nani hasa atakayetoboa na kupasua, naye ana leseni gani? Amewahi kupandikiza nywele za Waafrika wangapi, na picha zao za baada ya mwaka mmoja ziko wapi? Nina ugonjwa gani wa nywele, na umejulikanaje? Utachukua miche mingapi, na ghala langu litabaki na mingapi? Nikipata usaha au kovu la kuvimba nikiwa nyumbani, nitatibiwa na nani, kwa fedha za nani? Anayechukia kuulizwa, au anayetaka malipo yote kabla hajakitazama kisogo chako, mwache.

Kadhalika aombe likizo ya kutosha. Kofia ya chuma, jua kali, mazoezi mazito na kubeba mizigo havifai majuma ya mwanzo; miche mipya huweza kung'oka kwa msuguano mdogo tu. Askari anayetarajiwa kwenda doria wiki ijayo asipasuliwe wiki hii.

TURUDI NYUMBANI

Basi twende tena kwa Baba Asha na Mama Asha, ambao wangali wamekaa na chai yao imepoa. Gharama si tiketi na upasuaji peke yake. Kuna dawa za miaka ijayo, na huenda kuna upasuaji wa pili. Mabati yakinunuliwa mwaka huu, kisogo cha Baba Asha kitamngoja. Kwa hakika mwaka mmoja au miwili ya kungoja itamwonyesha vizuri zaidi upara wake unaelekea wapi. Lakini kisogo kikitumiwa mwaka huu kwa pupa, hata fedha za mabati elfu hazitakirudisha.

Na kama baada ya kupima yote Baba Asha ataona bado anazitaka nywele zake, Mama Asha asimkejeli. Amsindikize kwa daktari wa ngozi aliye karibu, wasikilize pamoja. Na kama ataamua kunyoa kichwa chote na kukipaka mafuta kikang'aa, hilo nalo ni jibu la kiungwana.

Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe chako tia maji. Katika jambo hili tuongeze: mwenzako akipandwa, wewe chako kwanza kipapase kisogo, uone una akiba kiasi gani.